Mwiko wa Mninga

Mwaka nilioanza kazi ya kupika shuleni ulikuwa mwaka wa michembe. Mtu wa umri wangu akisikia hivyo anajua ni mwaka gani. Ninyi vijana nitawaeleza. Mahindi yalinyaukia shambani yakiwa hayajavuka goti, mtama ukaliwa na ndege, na kilichobaki ghalani ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa mpaka vikawa kama magome ya mti. Hiyo ndiyo michembe. Ukivichemsha kwanza, ndipo ukavikata na kuvianika, hayo ni matobolwa, na mwenye matobolwa mwaka ule alikuwa tajiri. Asubuhi tulikula michembe, jioni michembe, na Jumapili tukitoka kanisani tulikula michembe yenye karanga, ili tujue kuwa ni Jumapili.

Njaa ikaanza kuwatoa watoto shuleni. Wazazi wa kijiji chetu, huku Ulyankulu, wakakubaliana kila kaya ichangie ilichonacho, watoto wapate chakula cha mchana palepale. Akatafutwa mpishi, wa kwanza akajaribiwa, akashindwa. Nikaenda mimi.

Mwalimu Mkuu wa wakati ule alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye koti alilolivaa hata jua likiwaka. Alinikalisha kwenye dawati la watoto, magoti yangu yakagonga ubao.

"Umesoma mpaka la ngapi, mama?"

"La nne. Akazaliwa mdogo wangu, nikatolewa nikambebe."

"Umewahi kupikia watu wengi?"

"Mwalimu, mimi nimepika misiba. Harusini unaambiwa watakuja wangapi. Msibani hakuna anayekuambia, na hakuna anayerudi kwake na njaa."

Akacheka mpaka koti likatikisika. "Basi uanze kesho."

"Naanza leo. Hawa watoto wana njaa ya leo."

Nilikuja na mwiko wangu. Baba yangu alinichongea kwa mti wa mninga nilipoolewa kutoka upande wa Kipalapala, ambako kengele ya seminari ndiyo ilikuwa saa yetu sisi wakulima, nikaja huku kwenye mashamba ya tumbaku. Mwiko wa mti laini huachia nyuzi kwenye ugali. Wa mninga haunywi maji, haupindi, na ukimgusa mtu nao mgongoni anaukumbuka. Wangu unanifika kifuani, kwa sababu ugali wa shule husongi umekaa kwenye kigoda. Unasimama, unatanua miguu, unasonga kwa kiuno. Mkono peke yake utachoka kabla unga haujaiva.

Na mpishi wa shule haanzi na moto, msidanganyike. Anaanza na ungo. Unamwaga maharage, unapepeta, unatoa mawe, unatoa yaliyotobolewa na wadudu, kisha unayaloweka yalale. Asiyeloweka maharage atamaliza kuni za kijiji kizima na watoto bado watatafuna changarawe. Sufuria letu tuliliita pipa kwa sababu lilikuwa pipa, limekatwa nusu, limekaa juu ya mafiga matatu ya udongo wa kichuguu. Mvua ziliporudi tukaanza kupika kande, mahindi na maharage pamoja, na ukoko wake, lile tabaka linaloshika chini, ni haki ya mpishi tangu dunia iumbwe. Mimi niliwaachia watoto wanaotoka mbali.

Sasa hayo yote yanataka maji. Kisima kilikuwa bondeni, chini kabisa, ukipita mabani ya kukaushia tumbaku. Siku ile ya kwanza niliuliza maji yako wapi. Mwalimu Mkuu akatoka barazani, akapiga makofi.

"Wasichana wa la saba! Ndoo!"

Wakatoka mabinti, kila mmoja na ndoo yake na kata yake ya kitenge kichwani. Wavulana wakabaki wamekaa. Hakuna aliyeshangaa, maana ndivyo dunia ilivyokuwa imepangwa.

Shule yetu, niwaambie, ilikuwa na watu wa kila aina. Kulikuwa na sisi Wanyamwezi. Kulikuwa na watoto ambao babu zao walikimbia vita Burundi wakapewa mapori haya wayafyeke, na wakayafyeka kweli. Kulikuwa na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Nzega na Igunga. Nyumbani kila mtoto alisema lugha ya mama yake, shuleni Kiswahili. Na wazazi hawakuwahi kukubaliana jambo. Huyu anataka maharage yawe mengi kuliko mahindi, yule anasema maharage matupu ni chakula cha mgonjwa, mwingine anauliza maziwa yako wapi. Nilipika katikati ya ubishi huo na hakuna aliyebakiza chakula.

Banda la jiko lilishikana na darasa la saba, ukuta mmoja, dirisha halina kioo. Kwa hiyo nilisoma upya, mimi na pipa langu. Kipindi cha hisabati kilikuwa wakati huohuo ninaobandika chakula. Mwalimu wa Hisabati alikuwa kijana mwenye sauti ya mnadani. Anauliza, wanajibu. Nikasikiliza siku ya kwanza, nikasikiliza wiki, nikasikiliza mwezi. Sauti za kiume tupu. Mtu angepita njiani angedhani ni shule ya wavulana. Mabinti walikuwa bondeni. Wanaporudi, shingo zimelowa, kipindi kimekwisha na ubao umefutwa.

Mmoja wao aliitwa Kabula. Jina hilo kwa Wasukuma hupewa mtoto aliyezaliwa na mvua, nami nilikuwa nikimtania, "Wewe mvua mzima, mbona unatumwa kisimani?" Alikuwa na shingo ndefu na mdomo usionyamaza. Siku moja alijikwaa mlangoni, maji yakamwagika.

Nikamwambia, "Sasa umeniletea robo tatu."

Akaitazama ndoo, akanitazama. "Mama Mpishi, robo tatu ya ndoo naijua. Ya ubaoni siijui. Inaandikwaje?"

"Unaniuliza mimi wa la nne?"

"Nimuulize nani? Tukifika, Mwalimu amefuta."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akakaa juu ya kuni, akanieleza mambo ya kwao. Baba yake alikuwa amesema neno moja na halirudii: akifaulu mtihani wa la saba, atasoma sekondari. Asipofaulu, kuna kijana wa Igunga ambaye baba yake ameshakuja mara mbili, na mara ya pili alipewa kigoda kizuri.

"Na hisabati?" nikamuuliza.

"Hisabati ndiyo itakayoniozesha," akasema.

Hilo neno lilinikaa kooni kama mwiba wa sato. Nilitazama ndoo alizokuwa amenijazia mwaka mzima. Kila chungu nilichobandika, nilikibandika kwa kipindi chake cha hisabati. Nilikuwa napika masomo ya watoto wa watu.

Kesho yake mabinti walikuja na maji kama kawaida, kipindi kimekwisha. Sikuwasha moto. Nilikaa mlangoni, mwiko mapajani. Mwalimu Mkuu akaja na koti lake.

"Mama Mpishi, moshi siuoni."

"Hutauona."

"Maharage hayajalowekwa?"

"Yamelowekwa, yamevimba, yanasubiri."

"Kuni?"

"Zipo kavu."

"Na maji haya hapa. Tatizo nini?"

Nikasimama ili anisikie vizuri. "Maji ya binti aliyetolewa darasani, mimi sipikii."

Alidhani natania. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona sitanii.

"Mama, watoto watashinda njaa."

"Najua."

"Nawe unaweza kulala huna kazi."

"Nilikuja nikiwa sina, Mwalimu. Njia ya kurudi naijua."

Watoto hawakula mchana ule. Wasiwadanganye kwamba mkaidi hana moyo. Wadogo wa la kwanza walikuja wakasimama mbele ya pipa tupu, wakachungulia ndani, wakanitazama mimi. Kuna mmoja aliniuliza, "Mama, leo umesahau?" Ningekuwa na mikono kumi ningekwenda kisimani mwenyewe. Lakini mtu mmoja hajazi pipa la shule.

Mwalimu Mkuu angeweza kunifukuza jioni ile na kila mtu angempongeza. Hakunifukuza. Aliita kikao cha wazazi, na nilipomuuliza miaka mingi baadaye kwa nini, alinijibu, "Nilitaka kukufukuza. Nikakumbuka chakula cha yule aliyejaribiwa kabla yako." Mungu ambariki alipo. Wakubwa wengi husema wanakusikiliza huku wanafunga mlango. Yeye aliufungua, akaniingizia kijiji kizima.

Kikao kilifanyika darasani, wanaume kwenye madawati, wanawake dirishani na mlangoni. Mwalimu Mkuu akasema, "Mpishi amegoma. Msikilizeni wenyewe." Nikarudia neno langu lilelile. Yakazuka makelele. Na hapo nikaona ajabu: wale watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi, siku hiyo walikubaliana. Mnyamwezi, Msukuma, wa asili ya Burundi, wote kauli moja, kwamba maji ni kazi ya wasichana.

Baba Kabula akasimama. Mtu mpana, fimbo mkononi, shuka begani. Alinisalimu kwanza kwa adabu ya Kisukuma, akiniita mama, "Mwangaluka, mayu," nikamwitikia. Kisha akasema, "Mayu, mimi sina ugomvi nawe, kande yako mtoto anaisifu mpaka mama yake ananuna. Lakini kwetu ni mwiko mwanamume kubeba ndoo kichwani. Mwiko!"

Nikaunyanyua wangu. "Baba Kabula, hapa shuleni mwiko ninao mimi peke yangu. Tena wa mninga. Wako umeuacha nyumbani."

Darasa likalipuka. Hata yeye alicheka, akauficha mdomo kwa shuka. Watu wakishacheka pamoja, ndipo unaweza kuwaambia jambo. Nikawaambia Wanyamwezi wenzangu: "Ninyi ndio mnaonishangaza. Njia hii inayopita Tabora, nani aliifanya njia? Babu yake baba yangu alikwenda pwani na mzigo akarudi na mzigo, na begani alikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Kijana asiyekwenda pwani hakupewa mke. Leo wajukuu wa wapagazi ndoo ya maji inawashinda?"

"Ninyi Wanyamwezi mlizaliwa punda!" akadakia Baba Kabula, maana utani alikuwa hauwezi kuuacha upite.

"Na punda huyo ndiye aliyekuletea chumvi, wewe na ng'ombe wako."

Wakacheka tena. Ndipo akainuka mzee mmoja wa wale waliokimbia Burundi, mtu ambaye kwenye vikao alikuwa akija, akikaa, na kuondoka bila neno. Akasema taratibu, "Tulipokimbia, mama yetu alikuwa hawezi kutembea. Tulimlaza kwenye machela, mti huu begani kwangu, mti huu begani kwa kaka yangu, tukatembea naye mpaka tukavuka. Njiani hakuna aliyetuambia kwamba tumekuwa wanawake."

Akakaa. Baba Kabula alibaki amesimama, akiigeuza fimbo yake mkononi kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Begani," akasema. "Si kichwani."

"Begani," yule mzee akajibu.

Ni hapo nilipolikumbuka neno la baba yangu: mzega. Mzega ni mti unaolala begani, mzigo mmoja mbele, mwingine nyuma, unatembea unayumba kidogo kama unacheza. Nikalisema kwa sauti. Na kesho yake alfajiri, kabla ya mstari, nani alikuja na mti uliochongwa vizuri, dumu huku na dumu huku? Baba Kabula. Alisema amekuja kuhakikisha kama unafaa, asije mtu akamletea mwanawe mti mbovu. Akashuka kisimani, akapanda, nusu ya maji yamemlowesha shuka. Wavulana wa la saba wakaangua kicheko.

"Chekeni," akawaambia. "Kesho ni zamu yenu, na mimi nitakuja na kigoda changu kutazama."

Ikawa hivyo. Maji yakaletwa kabla ya kengele ya kwanza, zamu ya wavulana kwa mzega, zamu ya mabinti kwa ndoo, na baada ya kengele hakuna anayetoka, awe na sketi au kaptura. Kidogo kidogo mabinti nao wakautaka mzega, maana shingo haiumi. Wavulana wakakataa, wakasema ni wa kiume! Ule mti waliouogopa sasa wameufanya mali yao. Nikaingilia na mwiko wangu, ukaisha huo ubishi pia.

Lakini siku ninayoishukuru kuliko zote si ya kikao. Ni siku moja nimebandika kande, nimeinama napuliza moto, nasikia Mwalimu wa Hisabati anauliza kwa ile sauti yake ya mnadani. Anauliza tena. Halafu sauti nyembamba, ile isiyonyamaza, inajibu, "Robo tatu!" Na Mwalimu anasema, "Njoo uiandike."

Nilisimama nikakimbilia dirishani. Kabula alikuwa ubaoni, amenipa mgongo, kipande cha chaki mkononi, anaandika tatu juu, mstari, nne chini. Nilisimama pale mpaka nikasikia harufu. Kande imeungua. Watoto waliila ikinuka moshi siku hiyo, na sikumwomba mtu radhi.

Alifaulu. Baba yake alikuja jikoni na kibuyu cha maziwa ya mgando, akakiweka chini bila maneno mengi, akasema tu, "Mayu, yule mtu wa Igunga nimemwambia kigoda kimevunjika." Kabula sasa anafundisha watoto wa awali. Ameolewa na mtu aliyemchagua mwenyewe, mfupi kuliko yeye, na hajali.

Baada ya hapo niliazimwa mwaka mmoja kupika kwenye shule moja upande wa Lusu, wilaya ya Nzega, niwafundishe wapishi wao kuloweka maharage. Huko wavulana kwa wasichana walileta maji kwa baiskeli, wakipokezana, hivyo nilikosa wa kugombana naye, nikanenepa. Nikarudi Ulyankulu. Mwalimu Mkuu wa pili alipenda usafi, akatujengea mafiga ya matofali yenye bomba la moshi, na macho yangu yanamshukuru mpaka leo. Wa tatu alichimbiwa kisima kirefu chenye pampu, maji yakapanda mpaka mlangoni kwangu. Wa nne, wa sasa, ni mwanamke, mpole, ametoka mjini juzijuzi, na ndiye aliyeleta gesi. Gesi ni nzuri, nawaambia ninyi mnaoanza. Lakini haikuambii chakula kinaiva. Kuni zilikuwa zinasema.

Mimi sikustaafishwa. Kilichostaafu ni magoti. Niliondoka bila mtu kunisukuma, na nashukuru kwa mengi: kwa wakubwa walionivumilia, kwa wazazi waliotukana kisha wakaleta unga, kwa watoto walionipa shikamoo nyingi kuliko ambazo mwanamke wa la nne hutegemea duniani. Wajukuu zangu wa kike wanasoma. Wajukuu zangu wa kiume wanachota maji, tena wanayachota wakipiga miluzi. Shangazi yangu mzee akikutana nao anasikitika, anasema nimeharibu wanaume. Namwambia wanaume wangu wana mabega.

Siku ya kuniaga, walitaka nikae kwenye kiti chenye kitambaa, nipikiwe. Nikasema chungu cha mwisho nakipika mwenyewe, na watakula kande kama watoto. Wageni wakaja, Afisa Elimu wa Kata akaja, Baba Kabula akaja, sasa mzee wa mkongojo, akaketi mbele kabisa. Nikafungua bomba. Likakohoa, likatoa hewa. Pampu ilikuwa imeharibika asubuhi ileile, na haikunijulisha.

Mwalimu Mkuu alifadhaika, maskini. Wageni wote wale! Akatoka barazani mbiombio, akapiga makofi, na kwa kuwa alikuwa mgeni kwetu, na kwa kuwa makofi hayo wote tumerithi mahali pamoja, nikasikia: "Wasichana wa la sita! Ndoo!"

Nikasikia madawati yanasukumwa. Nikasikia ndoo. Nikaona wanakuja mstari mmoja, kata vichwani, na nyuma yao dirishani wavulana wamekaa na vitabu vimefunguliwa.

Nikazima gesi. Nikakaa mlangoni, mwiko mapajani.

"Bibi," Mwalimu Mkuu akanisogelea, akaniinamia kwa heshima, "leo tu. Ni sherehe yako. Wageni wana njaa."

Kule mbele nikamsikia Baba Kabula anakohoa, anacheka ndani ya shuka, anamwambia jirani yake, "Mwache. Mimi najua anachotaka kusema." Nikasimama, ingawa magoti yalikataa, ili Mwalimu Mkuu anisikie vizuri.

"Maji ya binti aliyetolewa darasani, mimi sipikii."